Seramiki kwenye Bomba la Ekzosi: Inasaidia Nini?

Assalamu alaykum, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana wa mafunzo ya amali.

Mmeniuliza habari ya bomba la ekzosi (bomba la moshi) lililopakwa seramiki, yaani rangi ngumu inayozuia joto, na mfano nitautoa mbali: pikipiki ya theluji, chombo cha kuteleza juu ya theluji. Hapa Unguja theluji hatuna, lakini nyingi katika pikipiki hizo zina injini ya mapigo mawili, ukoo mmoja na vespa zetu kongwe tunazozichanganyia oili kwenye petroli.

Injini hii haina valvu za moshi kama za gari. Pistoni yenyewe ndiyo inayofunua na kuziba matundu, kwa hiyo tundu la moshi likiwa bado wazi, petroli mbichi nayo hupata njia ya kutorokea. Miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden wa MZ, kiwanda cha pikipiki cha Ujerumani Mashariki, aliliendeleza sana bomba linalotanuka katikati na kubana mwishoni. Wimbi la mgandamizo litokalo na moshi likifika pale panapobana hurudi nyuma, likausukuma mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda kabla pistoni haijaziba. Likiwahi mno au likichelewa, nguvu imekwenda na moshi.

Na wimbi hilo hukimbia kwa kadiri ya joto. Kwenye hewa ya nyuzi 20, sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde. Hewa ikifika nyuzi 300 ni karibu mita 480, na kwenye nyuzi 500 inapita 550. Hebu fikirini tofauti hiyo ndani ya bomba lile lile!

Sasa theluji inarukia bomba, linapoa, wimbi linachelewa. Mizunguko kwa dakika ambayo injini hutoa nguvu zake zote inashuka, ilhali klachi ya mkanda na puli imepangwa kwa bomba lililokwisha pata moto. Dereva anaongeza mafuta, chombo kizito. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huweka kihisi joto kwenye bomba, ili kompyuta irekebishe wakati wa cheche.

Seramiki huzuia joto lisitoke ovyo. Bomba linawahi kupata moto na halipoi upesi, na chini ya boneti hapachemki sana, hivyo injini huvuta hewa ya baridi zaidi. Faida yake ni hiyo. Anayekuuzia kwa ahadi ya nguvu nyingi za farasi za ziada, mwambie apime mbele yako. Tena bomba likishika moto kuliko lilivyokusudiwa, kilele cha nguvu huhamia mizunguko ya juu. Usipopanga upya klachi na jeti (kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta), unaweza kupoteza nguvu ulizokuwa nazo.

Kwetu sisi shida ni chumvi. Lilaze bomba la vespa iliyokaa miaka Nungwi, kule pwani, uligonge kwa bisibisi pale lilipochomelewa: kutu inabanduka vipande, na mara nyingine bisibisi inazama. Mimi ningelipaka kwa ajili ya hilo, wala nisingetarajia mbio. Lakini kazi ifanywe kwa utaratibu wake: lipulizwe mchanga mpaka chuma kiwe cheupe, lipakwe, kisha liokwe kwenye tanuri. Ukipaka juu ya kutu, seramiki itabanduka. Na likishapakwa usilinyooshe kwa nyundo, kwani seramiki haipindi, hupasuka, na unyevu wa chumvi hupenya papo hapo.