Tutengeneze Transimita Ndogo ya AM: Muziki wa Simu Usikike Redioni

Habari zenu watazamaji. Leo tunaunda transimita ya AM, ndogo kabisa, ya kurusha muziki wa simu yako hadi kwenye redio iliyo upande wa pili wa chumba. Nisikufiche: haifiki mbali, ni mita chache tu. Kama nia yako ni kusikika mtaa mzima, video hii haikufai, na sababu utaiona tukifika kwenye antena.

Kabla hujashika waya, tumalize suala la sheria. Mawimbi ya redio yana wenyewe, na kila nchi ina kanuni zake kuhusu vifaa vidogo kama hiki. Marekani, kwa mfano, hutahitaji leseni kwenye masafa (namba za stesheni redioni) kati ya kilohezi 510 na 1705, mradi umeme unaoingia kwenye hatua ya mwisho ya transimita usizidi milivati 100, na antena pamoja na waya unaoilisha na waya wa grauni, jumla yake isipite mita 3. Kwenu ulizeni mamlaka ya mawasiliano kwanza. Mimi nitabaki ndani ya vipimo hivyo, kwa sababu vinatosha kabisa kujifunzia.

Vifaa ni hivi hapa mezani. Bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuchomekea vifaa, ili tusihangaike na kulehemu. Betri nne za volti 1.5 kwenye kishikizo chake. Transfoma ndogo ya sauti, upande mmoja omu 1000, upande wa pili omu 8. Jeki ya milimita 3.5 yenye waya. Resista moja ya omu 1000. Kapasita tatu: maikrofaradi 100, nanofaradi 1 na pikofaradi 100. Na mwenye shughuli yake: osileta ya kristali ya megahezi 1, yaani kidude kinachotengeneza wimbi la redio.

Hapo kwenye osileta wengi hupotea dukani. Ukiomba kristali tu, utapewa kidude cha miguu miwili. Hicho peke yake hakifanyi kitu. Unachotaka ni kikopo cha bati cha mstatili chenye miguu minne, ambacho ndani yake mna kristali pamoja na saketi yake tayari. Ukikipa volti 5, kinatoa wimbi lake bila kuombwa.

Sasa kiangalie kwa karibu. Pembe tatu zimeviringwa, moja ni kali, na mara nyingi ina kidoti. Hiyo ndiyo pini namba 1. Kiweke kidoti kiwe chini kushoto. Chini kulia ni pini 7, hiyo ni grauni, yaani upande wa hasi. Juu kulia ni pini 8, wimbi linatokea hapo. Juu kushoto ni pini 14, umeme chanya unaingia hapo. Pini 1 tunaiacha wazi. Namba zinaruka hivyo kwa sababu kikopo kimechukua nafasi ya IC (chipu) ya miguu kumi na minne. Ukigeuza chanya na hasi umekiua, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya betri.

Kichomeke katikati ya bredibodi, kikalie lile bonde, miguu miwili huku na miwili kule.

Tuje kwenye transfoma. Kama haijaandikwa, chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye omu. Upande wa omu 8 utasoma kidogo sana, karibu na omu 1 au chini yake. Upande wa omu 1000 utasoma makumi ya omu. Usishangae mita haisomi 1000: ile namba inahusu umeme wa sauti, na mita inapima waya tu. Upande ukiwa na nyaya tatu, ule wa katikati uache, ukunje pembeni usiguse kitu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye siri ya saketi nzima. Chanya ya betri haiendi moja kwa moja kwenye osileta. Inaingia kwanza kwenye waya mmoja wa upande wa omu 1000, inatokea kwenye waya wa pili, ndipo inaingia pini 14. Hasi ya betri inakwenda pini 7. Upande wa omu 8 unaungwa kwenye jeki ya simu.

Kwa nini tunazunguka hivyo? Sauti ya simu ikipita kwenye ile transfoma, volti yake inapandishwa kama mara kumi na moja, kisha inajumlishwa au kutolewa kwenye volti ya betri. Ni kama koki ya maji inayofunguliwa na kufungwa kidogo kidogo kwa kufuata muziki: osileta ikipewa volti nyingi inatoa wimbi kubwa, ikipewa chache inatoa dogo. Masafa yanabaki palepale, kilohezi 1000, yaani megahezi 1, ila kimo cha wimbi kinacheza. Hiyo ndiyo AM, hakuna kingine. Ndiyo maana naipenda saketi hii kuliko zile zenye transista nne: ukiielewa, umeielewa AM yenyewe.

Kapasita sasa. Ile ya maikrofaradi 100 inakaa sambamba na betri, kabla ya transfoma, mguu wenye mstari wa hasi kwenye hasi. Ya nanofaradi 1 inakaa kati ya pini 14 na pini 7. Usiibadilishe kwa kubwa ukidhani unaboresha. Kubwa itaimeza sauti kabla haijafika kwenye osileta, na utabaki na mvumo mzito usio na maneno.

Kwenye pini 8 weka resista ya omu 1000, mbele yake kapasita ya pikofaradi 100 kwenda grauni, na hapo zinapokutana ndipo antena inapoanzia. Osileta hii inatoa wimbi la mraba, na wimbi la mraba halibaki kwenye megahezi 1 peke yake, lina masalia kwenye 3, kwenye 5 na kuendelea. Vipande hivi viwili vinayapunguza makali, ingawa haviyamalizi. Usiviruke.

Antena ni waya wa kawaida, mita 2 zinatosha, uning'inize ndani ya chumba. Usiutoe nje, usiusogeze karibu na nyaya za umeme. Na sasa ile sababu niliyoahidi: wimbi la megahezi 1 lina urefu wa mita 300. Antena ya robo wimbi ingekuwa mita 75. Kawaya ketu ni kafupi mno, sehemu kubwa ya nguvu haiondoki kabisa. Usijaribu kuongeza amplifaya. Utavuruga redio za wengine na masalia yale nayo yatakua.

Weka betri, simu bado. Pima volti kati ya pini 14 na 7. Inatakiwa kuwa karibu na 5, kwa sababu transfoma inakula kidogo. Ikipita 5.5, toa betri moja na uunge pengo lake kwa waya. Pima na mkondo: ukisoma miliampea 15, mara volti 5, ni milivati 75. Tuko ndani.

Washa redio mchana, maana usiku stesheni za mbali hufika kwenye bendi hii ya AM na zinaweza kukuchanganya. Kama transimita ikiwa imezimwa unasikia stesheni kwenye 1000, achana na masafa hayo. Kristali haihamishiki, tafuta osileta nyingine. Redio yako ya dijitali inaruka kwa hatua ya kilohezi 9? Iweke 999, tofauti ya kilohezi 1 haisumbui.

Weka redio mita moja kutoka kwenye waya, kwenye AM, kisha tafuta 1000. Ukifika penyewe, ule mchakacho unanyamaza ghafla. Ukimya huo ni wimbi lako. Usiposikia tofauti, zungusha redio taratibu, kwa sababu antena yake ya ndani ina upande wa kusikia na upande wa uziwi.

Chomeka simu, sauti iwe chini kabisa, halafu panda polepole. Ikianza kukwaruza, umezidisha: volti inashuka mpaka osileta inakata. Rudi nyuma kidogo. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya simu kwanza kabla ya kulaumu saketi. Na ukipumzika kucheza muziki, toa betri, kwa sababu osileta inaendelea kurusha wimbi hata simu ikiwa kimya.