Kamba na brokoli wa Kichina cha Marekani, nimetoka shifti saa moja usiku na kabla ya saa mbili tunakula

Asalaam alaykum jamani, habari zenu, shikamoo kwa mama zangu na shangazi zangu wote mnaoniangalia. Hapa Houston ni saa moja na dakika kumi usiku, huko nyumbani najua mmelala, ni saa tisa usiku huko. Ndo kwanza nimevua viatu, nimetoka shifti ya masaa 12 kule ninakolea wazee, miguu inawaka, na mtoto kashaniuliza mara mbili mama leo tunakula nini. Bas leo napika kile chakula mlichokiona kwenye video ya juzi kwenye boksi jeupe, kamba na brokoli na ule mchuzi wa kahawia unaong'aa. Video hii nampikia hasa mdogo wangu wa Bagamoyo, maana alijaribu kwa kuangalia ile video, akanipigia wasap amekasirika kweli, ananambia dada kamba wangu wamekuwa kama ndala, na mchuzi ni maji. Mdogo wangu, nimekusikia, leo ntakuonesha pole pole.

Kwanza wali. Nimeshaosha huu wa jasmini mara tatu mpaka maji yakatakata, nimeutia kwenye raisi kuka, nimebonyeza, habari ya wali imeisha. Huku hawatii chumvi wala mafuta kwenye wali wa Kichina, na mimi mwanzo nilikuwa nautia nazi kwa mazoea, mtamu lakini unagombana na mchuzi, kwa hiyo leo mweupe hivohivo.

Sasa njooni karibu muone kamba. Hawa ni wa friza, ratili moja, yaani gramu 454, nimewanunua dola nane. Oneni hapa kwenye pakiti imeandikwa 21/25, maana yake ratili moja ina kamba 21 mpaka 25, namba ikipungua kamba wanakuwa wakubwa. Kamba wengi wanaoliwa Marekani wanatoka nje, India na Ecuador ndo wanaleta wengi, lakini sisi huku Texas tuko karibu na Ghuba ya Meksiko na wavuvi wapo, nikipata wikiendi nashuka mpaka pwani kununua wabichi. Leo sina nguvu hiyo. Na wa friza sio wabaya jamani, wanagandishwa mapema, sasa ukiwayeyusha vizuri wanatosha kabisa. Usiwayeyushe kwa maji ya moto! Maji ya baridi ya bomba, dakika 15 au 20, bas.

Nawamenya, maganda siyatupi, hayo yanaenda kwenye kisufuria na kipande cha tangawizi na maji vikombe viwili, yachemke dakika kumi, hiyo ndo supu yangu ya mchuzi. Migahawa mingi wanatumia supu ya kuku, lakini mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo mama alikuwa hatupi hata kichwa cha kamba, siwezi kutupa maganda halafu nikanunue supu ya kopo. Mgongoni napasua na kisu kidogo natoa ule mshipa mweusi, nasuuza, na hapa sasa mdogo wangu nisikilize kwa makini maana hapa ndo ulipokosea: nawakausha. Nawabana na hizi karatasi za jikoni mpaka wakauke kweli, ukiwaweka na maji yao kwenye karai hawakaangiki, wanachemka, na kamba akichemka kwenye maji yake huku wewe unasubiri apate rangi, anazidi kuiva, anajikunja, anakuwa ndala.

Baada ya kuwakausha natia chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga nyeupe kidogo, konflawa kijiko kimoja cha chai, na bekingi soda robo kijiko cha chai. Robo! Hii bekingi soda ndo siri ya wapishi wa Kichina wengi, inabadilisha ile nyama ya juu ya kamba, inashika maji yake isikaze ikipata moto, ndo maana kamba wa mgahawani ukimng'ata anakatika kwa sauti. Sio bekingi pauda, sio hamira, na tafadhali sana mtu asitie magadi yale ya kulainishia maharage, magadi ni makali na yana ladha yake, mtaharibu kamba bure. Ukizidisha hata hii soda yenyewe utasikia ladha ya sabuni. Nachanganya kwa mkono, naweka kwenye friji dakika 15 huku nafanya mengine.

Haya, brokoli. Wakati nakata ngoja niwasimulie kitu ambacho kinanigusa kila nikipika chakula hiki. Mwaka 2016 nikiwa na wiki ya kwanza kwenye kazi ya usiku, wenzangu walichanga hela wakaagiza chakula, nikaletewa boksi jeupe lenye kishikio cha waya, nafungua nakutana na kamba. Mimi mtoto wa Bagamoyo, nimekua naona kamba wanashushwa pale ufukweni, wanaotoka kwenye mikoko ya Ruvu na Wami kule, nilikuwa na miezi mitano sijaweka kamba mdomoni. Nikasikia kitunguu saumu, nikasikia tangawizi. Nilinyamaza kimya, nikala taratibu kamba mmoja mmoja ili wasiishe, mwenzangu akaniuliza uko salama? Nikamwambia niko nyumbani.

Toka siku hiyo nikataka kujua hawa watu wamefikaje na chakula chao mpaka kila mtaa wa Marekani. Wachina wa kwanza wengi walikuja California kwenye dhahabu, kuanzia mwaka 1849 hivi, wakatoka sana Guangdong, jimbo la kusini mwa China, wakajenga na reli, halafu mwaka 1882 ikatoka sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, ikakaa mpaka 1943. Miaka 61! Mtu hawezi kuleta mke, hawezi kuleta ndugu. Ila mfanyabiashara alikuwa anaruhusiwa, na mwaka 1915 mahakama ikakubali mwenye mgahawa naye ahesabike mfanyabiashara, bas watu wakafungua migahawa, kwa sababu mgahawa ulikuwa ndo njia ya kwenda kwenu na kurudi na kumleta ndugu yako. Sisi tunaojua kukaa na makaratasi ya uhamiaji mezani tukihesabu miezi, hii habari tunaielewa bila kuelezwa sana.

Na hii brokoli ninayoikata, kwao hawakuwa nayo. Kwao wanakula mboga inaitwa kailani, ya majani na shina nene, huku ilikuwa shida kuipata, brokoli ikaletwa na Wataliano, miaka ya 1920 ikaanza kulimwa California kibiashara na kusafirishwa mpaka miji ya mashariki, Wachina wakaichukua wakaitia kwenye karai lao. Ndo kama sisi tunavopika spinachi ya huku tukaiita mchicha. Kwa hiyo mtu asije kunambia hiki sio Kichina cha kweli, ni cha kweli, ni cha watu waliopika na walichokikuta.

Naikata vichwa vidogo vidogo, na shina silitupi, namenya gamba la nje nakata slesi, shina ni tamu kuliko kichwa. Inaingia kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, dakika moja tu, natoa, nachuja. Oneni rangi ilivo kijani. Ukiiacha muda mrefu inakuwa rangi ya jeshi na inanuka.

Mchuzi unachanganywa KABLA hujawasha jiko. Hapo nasisitiza kwa sababu moto ukishaanza huna muda wa kufungua chupa. Kwenye bakuli: supu ya maganda nusu kikombe, sosi ya chaza vijiko viwili vya chakula, soya sosi kijiko kimoja, sukari kijiko kimoja cha chai, mafuta ya ufuta uliokaangwa, yale yenye rangi ya kahawia, kijiko kimoja cha chai, na konflawa vijiko viwili vya chai nimeikoroga kwanza na maji ya baridi. Ukiitia konflawa kavu kwenye maji ya moto inafanya madonge, na wewe mdogo wangu uliniambia ulitia unga wa ngano, ndo maana mchuzi haukung'aa, ngano inafanya mchuzi kuwa mweupe mweupe mzito, konflawa inakaa wazi kama kioo. Migahawa wanatia na mvinyo wa mchele, mimi sitii, natia tone la siki kwenye supu inatosha. Na nyie Waislamu wenzangu mkija huku mkiona kwenye menyu kamba wa sosi ya lobsta, ulizeni kwanza, hakuna kamba kochi mule ndani, na mara nyingi kunakuwa na nyama ya nguruwe ya kusaga.

Jiko sasa. Hili karai langu ni la chuma, limekuwa jeusi kwa kutumika, nalipenda kuliko sufuria zote za humu ndani. Nawasha moto wa mwisho kabisa, nasubiri mpaka nione linaanza kutoa moshi mwembamba, ndo natia mafuta vijiko viwili. Jiko la mgahawa wa Kichina lina moto mkali kuliko wa nyumbani mara nyingi sana, kwa hiyo nyumbani hatujazi karai, napika kamba kwa mafungu mawili. Na hapa nyie mlioko nyumbani mnatuzidi, jiko la mkaa likishika vizuri na karai la kukaangia maandazi limekaa juu, moto wake huu wangu wa umeme hauusogelei.

Natandaza. Sikilizeni hiyo sauti! Siwagusi. Sekunde 45, hamsini hivi, nawageuza mmoja mmoja, upande wa pili sekunde thelathini, natoa wakiwa bado katikati wana ukijivu kidogo. Muangalie umbo lake, akijikunja kama herufi C huyo ameiva, akifunga kama O umechelewa. Fungu la pili vilevile.

Mafuta kidogo tena, kitunguu saumu punje tano nimekata ndogo ndogo, tangawizi kijiko, pilipili kavu mbili kwa sababu mimi siwezi kula bila. Sekunde 20 tu, harufu ikikufikia puani inatosha, kikiwa cha kahawia kinakuwa kichungu na hakuna dawa. Nakoroga bakuli la mchuzi tena maana konflawa inakaa chini, namimina, tazameni unavobadilika, ulikuwa wa maji maji, unachemka, unaanza kuwa mzito, unang'aa. Narudisha brokoli, narudisha kamba, nageuza geuza nusu dakika, nazima. Majani ya vitunguu juu. Saa yangu inasema saa moja na dakika 52.

Nimehesabu gharama: kamba dola nane, brokoli dola mbili, hivi vingine viko ndani ya chupa vinakaa miezi. Tunakula watu watatu na kesho nabeba kazini. Mgahawani sahani moja kama hii nalipa dola 16 na tipu juu. Sio kwamba siagizi, kuna siku naagiza na nawaheshimu sana wale watu wanaosimama jikoni mpaka saa nne usiku, lakini kwa mtu anayetuma hela nyumbani kila mwezi hiyo tofauti ni kitu.

Sasa wa nyumbani, brokoli ikiwa bei, msiitafute. Tumieni chainizi, hiyo hiyo inayouzwa mafungu sokoni, shina mkate pembeni liingie kwanza na majani mwishoni, inakaribia ile kailani yao kuliko hata brokoli. Au karoti na hoho na maharage machanga. Mafuta ya ufuta wa kukaanga mkiyakosa, kaangeni ufuta mkavu kijiko kimoja, utwange, mtie mwishoni, ufuta wa Lindi na Mtwara tunao wenyewe na harufu yake ni nzuri mno. Sosi ya chaza ndo siwezi kuwadanganya, hiyo inunueni, chupa moja supamaketi inapika mara nyingi.

Cha kesho naweka hivi, wali chini, mboga, kamba juu kabisa, kwa sababu kazini napasha wali kwanza dakika mbili, halafu ndo narudishia kamba kwa sekunde 30. Ukiwapasha pamoja toka mwanzo wanakakamaa tena.

Mdogo wangu, wewe kamba wako wako ufukweni pale hatua chache na nyumbani. Kesho mchana mitumbwi ikirudi chukua nusu kilo tu, wa saizi ya kidole, wakaushe kama nilivosema, karai lipate moto kweli, halafu nipigie video ukiwa umeshika mwiko, kwangu itakuwa asubuhi kabla sijaingia kazini, ntakuhesabia sekunde mimi mwenyewe.