Waifai Inakatika Wapi? Kutafuta Kosa Kabla ya Kununua Kifaa

Ndugu zangu, karibuni. Kabla ya kugusa ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa waifai nyumbani, tuelewane juu ya neno moja: mtandao. Mtu akilalamika kwamba mtandao umekata, huenda anazungumzia mambo mawili yasiyohusiana. Kuna safari ya kutoka kwenye simu yako hadi kwenye ruta. Hiyo inapita hewani, ndiyo waifai. Kisha kuna safari ya kutoka kwenye ruta kwenda nje, kwa faiba au kwa laini ya 4G. Hiyo ndiyo intaneti. Ya kwanza ni mzigo wako, ya pili ni mzigo wa mtoa huduma. Wanaoongeza kifurushi ili kutibu waifai mbovu ni wengi mno, na kifurushi hakijawahi kupenya ukuta.

Tunazitenganishaje? Chukua laptopu, kaa palepale panapokusumbua, si kando ya ruta. Kwenye Windows tafuta cmd, ifungue, andika ping 192.168.1.1 -t. Ping hutuma ombi dogo na kupima jibu linachukua muda gani kurudi, na -t inaliendeleza bila kukoma. Hiyo namba ni anwani ya ruta. Ya kwako huenda ikawa 192.168.0.1 au 192.168.8.1, geuza ruta usome kibandiko cha chini. Fungua dirisha la pili, andika ping 8.8.8.8 -t. Hili linauliza kompyuta iliyo mbali, nje ya nyumba. Yaache yote mawili yaende kwa dakika 10 huku nyumba ikiendelea na shughuli zake.

Sasa tusome. Dirisha la kwanza likionyesha milisekunde 2, 3, 5, na mara mojamoja 20, waifai yako ni nzima. Likionyesha 3, 4, 380, 1200, kisha "Request timed out" (jibu halikurudi), kosa limo humu ndani, hata kama kifurushi ni cha Mbps 100. La kwanza likitulia na la pili likarukaruka, tatizo liko kwenye laini ya nje. Yakifa yote kwa pamoja, kisha yakarudi baada ya dakika moja au mbili, tazama umeme.

Hapa kwenye umeme nitakaa kidogo, maana wengi hawapatazami kabisa. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, tafuta muda ambao imekuwa hewani tangu iwashwe. Kama hukuichomoa tangu juzi, na yenyewe inasema ina saa 2, basi inajizima na kujiwasha. Mara nyingi mkosaji ni adapta. Imeandikwa volti 12, na ukiipima kwa mita bila mzigo inaonyesha 12 kweli. Lakini ndani imechoka, na ruta ikianza kufanya kazi nzito volti zinashuka, ruta inazimika. Ndiyo maana inakatika jioni, watu wote wakiwa nyumbani. Unapobadilisha, volti ziwe zilezile kabisa, ampea zisipungue zilizoandikwa kwenye ruta, na ncha ya plagi iwe na ukubwa uleule na chanya upande uleule. Ruta ya ampea 1.5 ukiipa adapta ya ampea 2, haidhuriki. Ukiipa ya ampea 1, umerudisha ugonjwa uleule.

Kama kosa ni la hewani, anza na mahali ruta ilipo. Tunapenda kuificha nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, au chini sakafuni karibu na soketi. Zege lenye nondo, mabati, kioo cha kujitazama na tangi la maji ni maadui wakubwa wa mawimbi. Kioo kwa sababu ya ule utando wa madini mgongoni mwake. Weka ruta juu, mita 1.5 hadi 2, katikati ya nyumba. Antena iliyosimama hutawanya mawimbi pembeni, kama tairi lililolazwa na antena ikiwa imechomekwa katikati ya ringi; juu kabisa na chini kabisa hufika kidogo. Nyumba ya ghorofa, laza antena moja.

Kisha pima kwa programu ya simu inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Namba ni hasi: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha hata kwa mkutano wa video, ikifika -80 usitarajie utulivu. Kila ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu.

Chaneli nazo, yaani vijia vilivyogawanywa ndani ya masafa ya waifai. Kwenye masafa ya GHz 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, na upana wa MHz 20. Jirani yako yuko kwenye 1, mwingine 6, ukadhani umejificha vizuri kwenye 3? Umeharibu. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Aliye kwenye 3 anasikia kelele za pande zote mbili, na anawapigia kelele wote wawili. Masafa ya GHz 5 yana nafasi zaidi na kasi zaidi, ila ukuta wa tofali unayachosha upesi. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta ipeleke huko. Simu ya chumba cha mwisho ibaki 2.4.

Kuna kosa moja linalojifanya la mtoa huduma: dirisha la pili linaruka kutoka 30 hadi 900 pale tu simu ya mtu inapopandisha picha na video za siku nzima. Njia ya kupandisha imejaa, kila ombi dogo linapanga foleni nyuma ya video. Panga zipandishwe usiku, au kama ruta yako ina QoS (mpangilio wa kugawa kasi na kuamua nani apite kwanza), weka kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 85 ya kasi uliyopima.

Naona mkono kule nyuma: vipi kuhusu repita, kile kifaa kinachopokea waifai na kuirudia mbele? Repita nyingi za bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Tena watu huiweka kwenye chumba kisicho na mawimbi, sasa itarudia nini? Iwekwe nusu ya njia, palipo na -65 hivi. Kilicho bora ni kuvuta waya wa mtandao wa aina ya Cat5e, unaofika hadi mita 100, na kufunga ruta ya pili mwisho wake. Zima DHCP (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa) ya hiyo ruta ya pili, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, mfano 192.168.1.2, na uchomeke waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si lile la WAN (la laini ya nje).