Glasi na sahani za zamani: namna ya kuzikagua, kuzisafisha na kuzitumia

Habari zenu watazamaji, karibuni jikoni kwangu hapa Mwanza. Leo tunashughulika na vyombo vya zamani, vile vinavyopatikana kwa wauza mitumba pale Mlango Mmoja au kwa familia inayohama na kuuza vitu vyake. Mimi navipenda, na ninataka uvitumie, visikae tu kabatini. Ila kabla hujapakulia chakula, kijue chombo chako.

Kwanza, kigeuze. Usianze na maua, anza na kitako. Nasogeza kamera: sahani hii imeandikwa "West Germany". Ujerumani Magharibi ilikuwepo kuanzia 1949 hadi 1990, kwa hiyo umri wake umeshaukadiria hata kama muuzaji haujui. Ukikuta "Czechoslovakia", nchi hiyo iligawanyika mwisho wa 1992. Glasi hii nayo ni Duralex ya Ufaransa, hili umbo lenye pande bapa linaloitwa Picardie. Lilianza 1954, lakini bado linatengenezwa, kwa hiyo jina peke yake lisikufanye ulipe bei ya kitu cha kale.

Pili, tafuta ufa. Hapa usiwe na haraka, muuzaji atakuvumilia. Weka sahani juu ya ncha za vidole, igonge taratibu kwa kucha. Sikiliza... hiyo inalia vizuri. Sasa hii nyingine... sauti imekufa. Washa tochi ya simu, mulika kwa nyuma. Unaona kamstari kembamba kama unywele, kanatoka ukingoni kuelekea katikati? Chai ya moto itamalizia kazi hapo. Mwisho pitisha kidole ukingoni polepole. Pengo dogo kidole hulihisi kabla jicho halijaliona.

Tatu, kuosha. Tandika taulo ndani ya beseni, tumia maji ya uvuguvugu, sabuni na dodoki laini. Huku ziwani wengi tumezoea kusugua masufuria kwa mchanga. Sufuria inavumilia, mstari wa dhahabu wa sahani hauvumilii, na stiliwaya ni vilevile. Madoa ya chai kwenye kikombe yapake magadi soda iliyoloweshwa kidogo, sugua kwa kidole. Glasi yenye ukungu mweupe iloweke kwenye siki. Ukungu ukitoka, ulikuwa chumvi za maji tu. Usipotoka, kioo chenyewe kimeshalika, na hakuna sabuni itakayokirudisha.

Glasi mbili zimeng'ang'aniana? Usizilazimishe. Mimina maji baridi kwenye ile ya ndani, ya nje iweke kwenye maji ya uvuguvugu. Ya ndani inasinyaa, ya nje inatanuka, zinaachana.

Nne ndiyo muhimu kuliko zote: nini kiingie wapi. Rangi na ng'arisho za zamani, yaani ule mpako unaong'aa juu ya sahani, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na baadhi kadimiamu, yote ni sumu. Vitu vichachu huyavuta madini hayo yakaingia kwenye chakula. Sasa fikiria mchemsho wetu wa sato, na nyanya zake na ndimu: usiupakue kwenye sahani ya zamani yenye maua yaliyochorwa ndani, hasa ukipapasa ukaona rangi imeinuka au inachubuka. Sahani kama hiyo itundike ukutani, au iwekee kitu kikavu chenye ganda, kama ndizi.

Bilauri nzito za kristali nazo zina risasi ndani ya kioo chenyewe, mara nyingi asilimia 24 au zaidi. Usilaze humo juisi ya ukwaju kwenye friji, na watoto wape glasi nyingine. Sahani za bati zilizobanduka enameli zitashika kutu. Mimi hupandia maua. Chenye mstari wa dhahabu kisiingie kwenye maikrowevu, kitatoa cheche.

Kwa mchemsho, chagua bakuli la kioo cheupe cha maziwa, kama Arcopal ya Ufaransa, ambalo ndani halina mchoro wowote. Likiwa limetoka mahali penye baridi, lisuuze kwanza kwa maji ya uvuguvugu lisishtuke, lifute, kisha pakua.