Mnaniuliza tena kuhusu seneta wa miaka 47

Jamani, video hii nilishasema sifanyi. Ila kila nikipandisha kitu, chini nakuta swali lile lile: "Mnatusimanga viongozi wetu wanang'ang'ania viti, mbona huko Marekani, jimbo la Massachusetts, Ted Kennedy alikaa Seneti miaka 47?" Sijamsimanga mtu mimi. Na atakayesema najifanya Mmarekani aendelee tu, kodi ya nyumba nalipa mwenyewe.

Ni kweli alikaa. Aliingia Novemba 1962 akiwa na miaka 30, kwenye kiti alichokuwa nacho kaka yake, John F. Kennedy, kabla ya urais. Kilichomtoa ni kifo, Agosti 2009. Maseneta hawana ukomo wa mihula, lakini kila miaka 6 lazima warudi kwa wapiga kura, na 1994 mpinzani wake Mitt Romney alimtoa jasho. Wala hakuwa malaika. 1969 gari lake lilitumbukia majini kule Chappaquiddick, binti aliyekuwa naye, Mary Jo Kopechne, akafia humo, na yeye akakaa kama saa 10 ndipo akaenda polisi. Mwaka uliofuata Massachusetts wakamchagua tena! Hilo mpaka leo halinishuki kooni.

Sasa shida yangu ni kwamba nisingekuwa hapa bila yeye. 1965, akiwa na miaka 33, ndiye aliyeusimamia kwenye Seneti mswada uliofuta ule mgao wa viza uliowabeba watu wa kaskazini na magharibi mwa Ulaya. Miaka 25 baadaye bado yumo, anaipigania sheria ya 1990 iliyozaa bahati nasibu ya grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani. Mnadhani walikuwa wanatuwaza sisi wa Tanga? Thubutu! Waliowazwa ni Waayalandi. Ukoo wa Kennedy wenyewe ulitoka huko, na katika viza za mpito za 1992 hadi 1994, kabla bahati nasibu yenyewe haijaanza, asilimia 40 ziliwekwa kando kwa ajili yao. Wenzetu walifunguliwa mlango, na sisi tukapenya.

Na kupenya si bure. Fomu ya bahati nasibu enzi zangu haikuwa na malipo, lakini kijana wa steshenari alinitoza elfu 30, halafu akakosea tarehe yangu ya kuzaliwa. Mwaka mzima ukapotea! 2017 nikapata: dola 330 za usaili, vipimo vya afya pembeni, dola 220 za kadi, bado tiketi. Mjomba akauza ng'ombe wawili. Kila kikao cha ukoo nakumbushwa ng'ombe wale, utadhani niliwaiba.

Kwa hiyo mimi kumhukumu huyu mzee siwezi, nimeshakula kwake. Huo ni upande wangu tu. Aliyenyimwa viza mara tatu atawaambia mengine, na msikilizeni.

Mjomba, kama unaangalia, hela ya ng'ombe ni mwisho wa mwezi. Usimtume tena shangazi anipigie usiku.