Ugumu wa chuma cha pua na ulaini wa uso unapokereza

Hapa mezani kuna vipande vitatu vya chuma cha pua, vyote vya kipenyo cha milimita 40. Kabla hujafunga chochote kwenye mashine, pitisha tupa pembeni mwa kila kimoja. Cha kwanza tupa inakila bila shida: ni laini, kina kaboni kidogo. Cha pili inakila ukiikandamiza. Hicho kimetiwa ugumu wa wastani, kama 30 kwenye kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell C. Cha tatu tupa inateleza tu. Hicho kimefika 60.

Funga kile laini. Zungusha mara 300 kwa dakika, kisu kisogee milimita 0.1 kila mzunguko. Tazama uso ulivyotoka: umechanika, una magamba, haung'ai. Wengi hutarajia chuma laini kitoe uso laini, kumbe ndicho kinachosumbua zaidi. Kinavutika badala ya kukatika, kisha kinang'ang'ania ncha ya kisu. Ukiikagua ncha kwa lenzi utaona kibonge kimeganda juu yake. Kibonge hicho ndicho kinachokata, na kila kikimeguka kinabandika mabaki yake usoni.

Dawa yake si kupunguza kasi. Panda hadi mizunguko 1,400, weka ncha ya kabaidi (mchanganyiko mgumu wa metali na kaboni) yenye makali mapya, mimina mafuta ya kukatia. Kibonge hakitapata nafasi ya kuganda.

Sasa kipande cha pili, mizunguko 950, mwendo wa kisu uleule. Chenga zinakatika fupifupi na uso unang'aa. Piga hesabu ya ukwaruzo wa uso: mwendo wa kisu zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa mara 32 ya nusu kipenyo ya mviringo wa ncha. Kwa ncha ya milimita 0.4 unapata Ra, yaani wastani wa ukwaruzo, ya karibu maikroni 0.8. Chuma cha ugumu huu huikaribia hesabu hiyo. Kile laini huiacha mbali. Ncha ya 0.8 inaipunguza kwa nusu, ila kipande chembamba kitatetemeka.

Cha tatu usikiguse kwa kabaidi ya kawaida. Tumia ncha ya boroni naitraidi (CBN), iliyo ngumu kuliko kabaidi, kina cha milimita 0.1 hadi 0.2, bila maji. Mashine iliyolegea itachora mawimbi hapa, kwa hiyo kaza kila kitu na kisu kichomoze kidogo tu.

Ukimaliza, pima uso na kipenyo mwanzoni na mwishoni mwa mkato. Mwisho ukiwa na mikwaruzo zaidi na kipenyo kimeongezeka, makali yameisha: geuza ncha kabla ya kipande kinachofuata.