Jinsi ya Kuandika Upya Maneno ya Programu Ili Kila Mtumiaji Ayaelewe

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutayaandika upya maneno yanayoonekana kwenye skrini za programu, ili mtu asiye na ujuzi wa kompyuta aweze kuitumia bila kulazimika kumwita fundi.

Kwanza, pitieni programu yenu skrini baada ya skrini na mnakili kwenye jedwali kila maandishi anayokutana nayo mtumiaji. Ujumbe wa hitilafu hauonekani kirahisi, kwa sababu hujitokeza mambo yanapokwama tu. Mwombeni mtayarishaji wa programu autoe wote kutoka ndani ya msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu.

Anzeni kazi na ujumbe huo, kwa kuwa anayeusoma tayari amekwama. Tazameni mfano huu kwenye skrini: “Hitilafu 400: Ombi batili.” Seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya programu, imeeleza tatizo lake yenyewe, lakini mtumiaji hajui afanye nini. Sasa linganisheni na huu: “Namba ya simu uliyoandika imepungua tarakimu moja. Irekebishe, kisha ubonyeze Tuma. Maelezo mengine uliyojaza bado yapo.” Ujumbe wa pili unataja kilichotokea na la kufanya, na pia unamtoa hofu ya kuanza upya, jambo ambalo waandishi wengi hulisahau. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, katika kanuni zake za mwaka 1994 alishauri misimbo ya hitilafu, kama ile 400, isitumike kabisa katika ujumbe wa namna hii. Mimi ningeibakiza namba hiyo ya hitilafu kwa herufi ndogo chini ya ujumbe, kwa sababu fundi atakapopigiwa simu ataihitaji.

Msitegemee rangi nyekundu peke yake kuonyesha kosa. Mwongozo wa WCAG kuhusu ufikivu wa tovuti, yaani kuwawezesha hata watu wenye ulemavu kuzitumia, unataka kosa lielezwe kwa maandishi, na sababu yake ni dhahiri: asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini, hataisikia rangi.

Tukija kwenye vitufe, tazameni swali hili: “Una hakika unataka kughairi oda?” Chini yake kuna vitufe viwili, “Sawa” na “Ghairi.” Je, anayetaka kuiacha oda yake ilivyo abonyeze kipi? Badilisheni viwe “Futa oda” na “Bakiza oda,” ili kila kitufe kitaje tendo litakalofanyika hata kwa mtu ambaye hakulisoma swali. Mkishachagua neno, lishikilieni katika programu nzima. “Hifadhi” isigeuke “Tunza” kwenye skrini inayofuata, maana mtumiaji atadhani ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu ucheshi, ningewasihi muwe na kiasi. Mtu ambaye malipo yake yamekwama hafurahishwi na “Lo! Kuna kijitatizo!” Anataka kujua kama fedha zake zimekatwa, na kumjibu hilo mara moja ndiko kumjali.

Mwisho, mketisheni mbele ya programu mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza. Kabla hajabonyeza kitufe chochote, mwulizeni anatarajia nini kitokee, nanyi msimweleze lolote. Jibu lake likitofautiana na kitakachotokea, badilisheni maandishi ya kitufe hicho, na mjaribu kwanza maneno yaleyale aliyoyatumia yeye.